Somo: Kutengeneza video ya matendo bora ya kijana anayelenga drafti ya AFL

Somo hili ni kwa wazazi, makocha na vijana walioko Australia wanaorekodi mechi za futiboli ya Kiaustralia na wanataka video itakayotazamwa na maskauti (watafuta vipaji wa klabu) hadi mwisho. Kwa asiyeujua mchezo: kila timu ina watu 18 uwanjani, kiwanja kina umbo la yai na urefu wa mita 135 hadi 185, na kila upande una nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya nguzo mbili ndefu ni alama 6, ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ni alama 1. Mpira unapigwa kwa mguu au kwa ngumi, haurushwi. Ukiudaka mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15, unapewa nafasi ya kupiga bila kukabwa.

Drafti ya taifa, yaani siku ambapo klabu za AFL (ligi kuu ya mchezo huu) huchagua wachezaji wapya, hufanyika Novemba. Klabu 18 zinachagua kwa zamu, na kijana lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo 31 Desemba ya mwaka huo. Aliir Aliir, aliyezaliwa kambini Kakuma nchini Kenya, alichaguliwa na Sydney Swans kupitia drafti ya 2013, kwa hiyo njia hii si ngeni kwa watoto wa familia zetu.

Jambo moja liwekwe wazi kabla ya kugusa kamera. Hakuna klabu inayochagua mchezaji kwa video ya dakika nne. Kazi ya video ni kumfanya skauti aombe mechi nzima. Kijana anayecheza Coates Talent League (ligi ya vijana wenye vipaji) tayari picha zake ziko mikononi mwa klabu, na video humsaidia kidogo tu. Anayenufaika zaidi ni yule wa ligi ya mtaa au ya shule, aliyeanza mchezo akiwa na miaka 14 au 15, au aliyebadilishiwa nafasi katikati ya msimu.

HATUA YA 1: Ruhusa

Zungumza na meneja wa timu zote mbili siku chache kabla ya mechi, si langoni asubuhi ile. Wengi uwanjani ni watoto, na klabu inaweza kukuomba cheti cha ukaguzi wa watu wanaofanya kazi na watoto. Picha za televisheni au za matangazo ya ligi mtandaoni si mali yako. Omba kibali kabla ya kuzikata.

HATUA YA 2: Vifaa na mipangilio

Unahitaji kamera ya video yenye zumu ya lenzi (si ya kidijitali) ya mara 20 au zaidi, stendi yenye kichwa cha mafuta kinachogeuka bila kukwama, betri mbili, na kadi ya GB 128. Hesabu ya kadi ni hii: ukirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa mbili ni GB 45. Kadi ya GB 64 inatosha mechi moja bila akiba, na ukisahau kuifuta ya wiki iliyopita utakosa robo ya nne. Betri hupungua nguvu haraka kwenye baridi ya Julai, kwa hiyo ya pili ikae mfukoni mwa koti, kwenye joto.

Rekodi 1080p kwa fremu 50 kwa sekunde. Usichague 60. Umeme wa Australia ni wa hezi 50, na taa nyingi za uwanja humetameta mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 60 usiku, michirizi ya giza itapanda na kushuka kwenye picha na hakuna programu itakayoiondoa vizuri. Kasi ya shata iwe 1/500 mchana na 1/100 chini ya taa.

Zima mambo matatu ya otomatiki. La kwanza ni fokasi: ukivuta zumu, kamera huhamia kwenye uzio au kichwa cha mtu aliye mbele yako. La pili ni mwanga: timu ngeni huvaa bukta nyeupe, na wakikusanyika mbele ya kamera picha nzima inakuwa giza. La tatu ni kizuia mtikisiko, ambacho hakihitajiki ukiwa na stendi. Ukigeuza kamera kisha ukasimama, chenyewe kinaendelea kuteleza na picha inaonekana kama inaelea.

HATUA YA 3: Mahali pa kusimama

Katikati ya urefu wa uwanja, juu, angalau mita 3 kutoka ardhini. Ukirekodi ukiwa chini, wachezaji wanafunikana na skauti haoni nafasi iliyokuwa wazi. Hapa Australia jua la majira ya baridi huwa chini na upande wa kaskazini, na mchana huelekea kaskazini-magharibi. Chagua upande wa magharibi ili jua liwe mgongoni kwako. Usiende nyuma ya goli kwa kamera yako ya kwanza; pembe ile ni nzuri kwa kuonyesha mbio za mshambuliaji mrefu, lakini vita vya katikati utavikosa vyote.

HATUA YA 4: Kurekodi

Fuata kijana wako, si mpira. Anavyokimbia bila mpira ndiko skauti anakosoma akili yake. Mambo yanabadilika pale tu anapoutoa mpira: hapo kamera iufuate mpira hadi utue au udakwe. Pigo lisiloonyesha lilipofikia halina thamani, hata kama lilikuwa la mita 50.

Fremu iwe na upana wa kama mita 30 za uwanja, na kijana asiwe katikati: mbele yake, upande anaoelekea, pawe na nafasi kubwa. Kwa upana huo, kijana wa sentimita 185 anakuwa na urefu wa pikseli karibu 118, na namba mgongoni inasomeka. Ukipanua hadi mita 60, unabaki na pikseli 59 na namba inapotea. Kosa la kawaida ni kinyume chake, yaani kuvuta mpaka kijana anajaa fremu. Akipiga chenga moja anatoka nje ya picha, na wewe unamtafuta sekunde tatu huku tendo limeisha.

Mchezo ukisimama baada ya tendo zuri, sema taratibu karibu na maikrofoni: "robo ya pili, dakika ya saba, daka." Baadaye utaona mruko wa sauti kwenye mchoro wa programu na kuruka moja kwa moja hapo.

HATUA YA 5: Daftari la klipu

Kabla ya kukata chochote, tazama mechi yote na ujaze jedwali: mechi, robo, muda kwenye faili, tendo, mguu wa kulia au wa kushoto, alikuwa na mkabaji au la, mpira ulimfikia nani, daraja la 1 hadi 3. Mechi nzuri hutoa matendo 8 hadi 12 ya daraja la kwanza. Unahitaji angalau mechi tatu, na mojawapo iwe dhidi ya timu ngumu. Klipu zikitoka zote kwenye mechi moja mliyoshinda kwa alama 90, skauti ataiona jezi ileile, hali ya hewa ileile, na atajua.

HATUA YA 6: Kukata

Hapa ndipo video nyingi zinapoharibika, basi tuchukue tendo moja tulikate pamoja.

Mpira umetoka nje upande wa kushoto. Mwamuzi wa pembeni anaurusha ndani kinyumenyume juu ya kichwa chake. Mchezaji wa raki (yule mrefu anayeurukia mpira kuugombea) anaugonga, kijana wako anauokota chini kwa mkono mmoja, anamkwepa mkabaji, anapiga kwa mguu wa kushoto mita 40, mwenzake anadaka.

Wengi wanaanza klipu mpira unapogusa mikono ya kijana, na kuikata unapoacha mguu. Inabaki sekunde tatu za mtu anayeokota na kupiga. Anza mapema zaidi, pale mwamuzi anapoushika mpira kabla ya kurusha. Sasa skauti anamwona kijana akigeuza kichwa mara mbili kutazama nyuma, akisogea hatua nne upande ambao mkono wa raki utaelekeza mpira, huku mkabaji wake akibaki pale pale. Kata baada ya mwenzake kudaka, ukiongeza sekunde moja. Jumla ni kama sekunde 9, na ndani yake mna kusoma mchezo, mikono, mwili, mguu dhaifu na uamuzi.

Kanuni ya kazi: sekunde 2 hadi 4 kabla ya mpira kumfikia, sekunde 1 hadi 2 baada ya matokeo. Klipu 28 za wastani wa sekunde 8 ni dakika 3 na sekunde 44. Usivuke dakika 5.

HATUA YA 7: Mpangilio

Matendo manne bora kabisa yaingie ndani ya sekunde 40 za mwanzo. Yanayofuata yapange kwa ujuzi, si kwa tarehe. Kiungo: kuutoa mpira kwenye vurugu, pasi ya ngumi akiwa amekabwa, mapigo, kisha kukaba na kurudi nyuma. Mshambuliaji mrefu: mbio za kujitokeza, kudaka akiwa na mkabaji, mapigo ya goli, na anachofanya mpira ukianguka chini. Mchezaji wa raki: mipira aliyoigonga ikamfikia mwenzake, ile aliyoigonga hewani tu iache. Kwa wote, weka klipu tatu au nne za mguu usio wake, na angalau nne za kukaba. Magoli kumi mfululizo ya mpira uliopatikana bure mbele ya lango hayamwambii skauti kitu.

Kadi ya mwanzo ikae sekunde 5: jina, mwaka wa kuzaliwa, urefu, uzito, nafasi, namba ya jezi, timu, mguu anaotumia. Muda wa mbio za mita 20 au kilomita 2 uwekwe tu kama umepimwa na ligi au klabu. Urefu uliozidishwa sentimita 3 utagunduliwa siku ya kwanza ya vipimo, na kuanzia hapo kila kitu kwenye video kitatiliwa shaka.

HATUA YA 8: Alama na sauti

Mwonyeshe kijana kwa duara au mshale: simamisha picha sekunde moja mwanzoni mwa klipu, weka alama, iondoe, mchezo uendelee. Duara linalomfuata muda wote linaficha miguu. Mwendo wa polepole tumia mara mbili au tatu tu, na uwe marudio baada ya kasi ya kawaida, kwa sababu kasi ndiyo inayopimwa. Muziki usiweke. Acha sauti ya uwanja, maana kijana anayewaelekeza wenzake kwa sauti anasikika.

HATUA YA 9: Kutoa faili

Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inatosha. Taimlaini iwe ya fremu 50, H.264, megabiti 12 kwa sekunde. Dakika 4 zitakuwa kama MB 360. Ipandishe YouTube kwa kiungo ambacho hakionekani kwenye utafutaji, na chini yake weka viungo vya mechi mbili nzima pamoja na dakika za kila klipu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama (Dandenong): Asante sana kaka kwa somo. Mimi nina simu tu, kamera sina. Niache?

Jibu: Usiache dada. Simu haitafika upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo usilazimishe. Panda juu, simu iwe kwenye stendi, rekodi 4K badala ya 1080p, usiguse zumu. Wakati wa kuhariri unaweza kukata ndani ya picha hadi nusu ya upana ukabaki na 1080p kamili. Chukua matendo ya upande wako tu. Angalia nafasi kwenye simu, 4K inakula haraka.

Kijana wa miaka 17 (Perth): Nikimaliza kuhariri, sauti inachelewa nyuma ya picha, mwishoni inafika nusu sekunde. Nimebadilisha programu mbili, bado.

Jibu: Mdogo wangu, tatizo ni faili la simu. Simu hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na programu ya kuhariri inadhani ni idadi moja. Pitisha faili kwenye HandBrake (programu ya bure ya kubadilisha faili za video) kwanza, chagua fremu 50 zisizobadilika, ndipo ulete kwenye taimlaini. Ukishakata hutaweza kulirekebisha, itabidi uanze upya.

Baba (Werribee): Mwanangu ni beki wa mwisho. Hafungi, hapigi mbali. Nitaonyesha nini?

Jibu: Mzee wangu, beki ana mengi. Onyesha anapomwacha mtu wake na kwenda kuupiga ngumi mpira usidakwe, anapodaka pasi ya adui, na pigo la kwanza baada ya hapo. Klipu zake ziwe ndefu, hata sekunde 12, kwa sababu kazi yake huanza mpira ukiwa mita 60 mbali. Kwa huyu panua fremu, wapinzani wake waonekane. Weka na klipu mbili ambazo mpira haukumfikia kabisa kwa vile alikuwa ameshafunga njia.

Mama (Footscray): Wangu ana miaka 15. Afungue chaneli yake?

Jibu: Hapana dada. Tangu 10 Desemba 2025 sheria ya Australia inazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii, YouTube ikiwemo. Tumia akaunti ya mzazi, na usiandike shule yake wala tarehe kamili ya kuzaliwa. Klipu yoyote inayoonyesha mtoto mwingine akiumia, itoe.

Kocha msaidizi (Adelaide): Tunatuma kwa nani, na lini?

Jibu: Anza na meneja wa vipaji wa timu ya eneo lenu, huko Adelaide, klabu ya SANFL (ligi ya jimbo la Australia Kusini) ambayo kijana yuko katika eneo lake. Toleo la kwanza liwe tayari mwishoni mwa Juni, wakati bado kuna mechi ambazo mtu anaweza kuja kuziona. Lile la mwisho, Agosti. Ujumbe uwe wa mistari mitano: jina, nafasi, urefu, kiungo cha video, na tarehe na uwanja wa mechi mbili zinazofuata.