Kuchagua vipuri vinavyooana vya kompyuta ya michezo, hatua kwa hatua

Mpwa wangu alinijia na prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) ya Ryzen 5 5600 ya AMD, ubao mama (ubao unaounganisha vipuri vyote) wa B450 uliokwisha kutumika na kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini) ya RX 6600, vyote akiwa ameshavilipia. Kila kimoja kilikuwa kizima na cha bei nzuri, lakini tulipoviunganisha feni zilizunguka na skrini ikabaki nyeusi kuanzia saa tisa alasiri hadi karibu saa nne usiku. Hapa Dar es Salaam ni vigumu kurudisha kipuri kilichokwisha kutoka dukani, na kilichoagizwa kutoka Dubai au China ni vigumu zaidi, kwa hiyo kuoana kwa vipuri kunapaswa kukaguliwa kwenye karatasi kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Skrini na michezo

Anza na skrini, kwa sababu ndiyo inayoamua nguvu ya kadi ya michoro. Skrini ya piseli 1920 kwa 1080 haihitaji kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya 4K, yaani skrini yenye piseli nyingi zaidi. Anayecheza Valorant au Counter-Strike 2 ataitegemea zaidi prosesa. Anayetaka Cyberpunk 2077 ataitegemea zaidi kadi.

Hatua ya 2: Kadi ya michoro

Mimi hutenga kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya fedha yote kwa kadi. Kwa skrini niliyoitaja, RX 6600 yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu ndiyo ninayoipendekeza kwanza, na RTX 3060 yenye gigabaiti 12 ikiwa bei yake haijapanda mno. Siipendekezi RX 6500 XT hata ikiuzwa kwa bei ya chini: toleo lake la kawaida lina gigabaiti 4 tu, tena inatumia njia nne tu za PCIe (kiungo cha kadi na ubao mama), na ukiichomeka kwenye ubao wa toleo la zamani la PCIe 3.0, kama B450, inapoteza nguvu waziwazi. RX 6600 inatumia njia nane, na hasara yake kwenye ubao wa namna hiyo ni ndogo.

Hatua ya 3: Prosesa na ubao mama

Hapa ndipo tulipopotezea saa zetu. Kosa kubwa ni kuamini kwamba prosesa ikikaa vizuri kwenye soketi (tundu lake kwenye ubao) basi itafanya kazi. Chukua Core i5-8400 ya Intel: inaingia bila shida kwenye soketi ya LGA1151 ya ubao wa B250, ambao unaendesha i5-7400, lakini haiwaki, kwa kuwa Intel ilibadilisha matumizi ya baadhi ya pini na kuitengenezea chipseti mpya (chipu za ubao zinazoratibu vipuri). Soketi ya LGA1700 inapokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, lakini mbao zake nyingine ni za RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4 na nyingine ni za DDR5, na RAM ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Soketi ya AM5 ya AMD inatumia DDR5 pekee, na AM4, ambayo ndiyo ya B450 na Ryzen 5 5600, inatumia DDR4 pekee.

Kwa bajeti ya wastani bado naiamini AM4, kwa kuwa mbao na RAM zake zimejaa sokoni. Ugumu wake ni BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya ubao inayoanzisha kompyuta. Mbao za B450 zilitoka mwaka 2018, na prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka mwishoni mwa mwaka 2020. Ubao ambao haujawahi kusasishwa hauitambui kabisa prosesa mpya, wala hautoi ujumbe wowote kwenye skrini. Hata B550 ya mwanzo inaweza kuhitaji kusasishwa. Kwa hiyo fungua ukurasa wa mtengenezaji wa ubao, tafuta orodha ya prosesa zinazokubaliwa, kisha usome ni toleo gani la BIOS lililoanza kuikubali prosesa yako. Ubao ukiwa wa mtumba, mwombe muuzaji auwashe na prosesa ya zamani ili uone toleo la BIOS kwa macho yako. Akikataa, mimi huondoka.

Ikiwa umeshaununua, angalia nyuma yake kama una kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Sisi tulikuwa nacho tangu mwanzo, lakini tulikiona baada ya kufungua na kufunga prosesa mara sita. Unahitaji flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32, yenye faili moja tu la BIOS lililopewa jina lile hasa linalotajwa na mtengenezaji; herufi moja ikikosewa, taa inapepesa kidogo na kuzima, nawe unadhani kazi imekwisha. Flashi ichomekwe kwenye tundu lililowekewa alama, si tundu lolote. Soma pia namba ya marekebisho iliyochapwa kwenye kona ya ubao, kwa sababu mbao mbili za jina moja zinaweza kuwa na mafaili tofauti. Mbao nyingine hudai upitie kwanza toleo la kati, na kwa baadhi yake BIOS mpya huondoa uwezo wa kuendesha prosesa za zamani zaidi, hivyo usisasishe kabla hujaamua utatumia prosesa ipi. Zaidi ya yote, fanya kazi hii kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika). Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ubao usio na kitufe hicho unaweza kufa moja kwa moja, na kuufufua kunahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu.

Ubao ukikosa kitufe, azima prosesa ya zamani inayokubalika, kama Ryzen 5 2600, usasishe, kisha uitoe. Kumbuka kwamba prosesa hiyo, kama ilivyo Ryzen 5 5600 na zile za Intel zenye herufi F, haina michoro ya ndani, hivyo waya wa skrini lazima uchomekwe kwenye kadi.

Hatua ya 4: RAM

Nunua vipande viwili vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16, na ubao ukiwa na nafasi nne uviweke kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Washa XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) ndani ya BIOS, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 3200 mara nyingi itakwenda kwa 2133 au 2400.

Hatua ya 5: Pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme kwa vipuri)

RX 6600 inakula takriban wati 132, na Ryzen 5 5600 imepimwa kwa wati 65. Wati 550 za mtengenezaji anayeaminika zinatosha na kubakiza. Sikubali pawasaplai inayokuja bure na kasha, hata ikiandikwa wati 700, kwa sababu ikiharibika inaweza kuondoka na ubao na kadi. Alama ya 80 Plus inaeleza umeme unaopotea kama joto, haikuhakikishii kwamba kifaa kina kinga zote. Na kama waya zake zinachomoka, usichanganye waya za mtengenezaji mmoja na kifaa cha mwingine hata vikiingia vizuri, kwa kuwa mpangilio wa pini hutofautiana na unaweza kuunguza diski.

Hatua ya 6: Diski na kasha

Umbo la M.2 (diski nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao) hubeba diski za aina mbili, NVMe, ambayo ina kasi zaidi, na SATA. Soma ubao wako unakubali ipi, na kama kuitumia nafasi hiyo kunazima tundu fulani la SATA. Kasha likaguliwe kwa milimita: urefu wa kadi, kimo cha kipoza prosesa, na kama ubao ni ATX au Micro-ATX (saizi mbili za ubao, ya pili ikiwa ndogo).