Kabla wawili hamjavuta karavani kuingia nyika ya Australia

Kilomita kama 80 kaskazini ya Coober Pedy, mji mdogo wa jangwani, saa nne asubuhi, Baba Amani aliweka gari pembeni, akashika ubavu, akaniambia, "Mama Amani, siwezi." Yalikuwa mawe ya figo, ingawa wakati ule hatukujua. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji. Nyuma yetu kulikuwa na karavani ya zaidi ya tani mbili, na mimi sikuwahi kuivuta hata mita 10. Kuifungua niiache kando ya barabara pia sikujua. Nikakaa kwenye usukani nikaendelea mbele, nikitafuta pahali papana pa kugeuzia, na kila kilomita ilikuwa inampeleka mbali na hospitali tuliyoiacha nyuma.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue nini kwa ajili ya safari hii, simjibu kwanza habari za hema na majiko. Ninamuuliza: mwenzako akianguka leo, unaweza kumrudisha?

Mazoezi yaanze mwezi mmoja kabla, na yaanze na yule asiyezoea. Tafuteni uwanja mpana wa kuegesha magari Jumapili asubuhi, na ndoo mbili za kuwa alama. Kurudi nyuma ndiko kunakowakatisha watu tamaa, kwa sababu ukikata usukani kushoto, karavani inakwenda kulia. Mimi nilisaidiwa na jambo moja: shika usukani chini kabisa, usiushike juu. Mkono ukienda kushoto, nyuma ya karavani inakwenda kushoto. Mkono ukienda kulia, nayo inafuata. Anayeelekeza asimame pale dereva anapomwona kwenye kioo cha pembeni. Asipoonekana, dereva anasimama papo hapo. Sisi tulikubaliana ishara nne za mikono, njoo, simama, kushoto, kulia, na tangu siku hiyo hatujapigiana kelele kambini. Wanaofika jioni wamechoka, mbele ya majirani wasiowajua, wakaanza kufokeana "kata, kata, si huko!" huwa wanalala bila kusemezana. Nimewaona wengi.

Kisha kila mmoja afunge na kufungua peke yake, mwenzake akitazama tu bila kugusa. Breki ya mkono, vigingi kwenye magurudumu, shusha gurudumu dogo la mbele, chomoa plagi ya taa, toa minyororo na waya wa breki ya dharura, ndipo uachie kile kichwa kinachonasa. Rudieni mpaka mikono ikumbuke yenyewe. Leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha kwa karavani nyingi, na sisi tuliotoka Tanzania, Kenya au Uganda tunaukuta upande wetu uleule wa kushoto. Ila hakikisheni majina yote mawili yamo kwenye bima. Langu halikuwamo.

Sasa uzito, na hapa naomba msome taratibu. Kila karavani ina kibati cha kiwandani kinachotaja uzito wake ikiwa tupu na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mizigo yenu yote. Yetu ilituachia kilo 450, nikaona ni nyingi mno. Matangi mawili ya maji ya lita 80 yakijaa ni kilo 160. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, ukihesabu na chuma chake, inakaribia 40. Bado turubai la kivuli, viti, meza, betri ya ziada, vyombo, vyakula vya makopo, nguo za baridi, sanduku la spana. Tulipoipandisha kwenye mizani, kama zile wanazopimia malori pale Vigwaza, tulikuwa tumezidi kilo 70. Tukashusha jiko la pili, sufuria kubwa ya pilau na nusu ya makopo.

Kupunguza peke yake hakutoshi, mizigo ipangwe. Kipimo wanachotumia wengi ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani ukae pale inaponasa nyuma ya gari. Vizito viwe chini sakafuni, usawa wa magurudumu. Ukirundika vitu mkiani, kwa mfano baiskeli na jenereta, karavani huanza kuyumba ukipitwa na lori, na yumbo hilo likikua linaweza kulipindua gari lenyewe. Ikitokea, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawa, na ubonyeze kwa mkono kile kitufe kilicho ndani ya gari kinachofunga breki za karavani peke yake. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu. Kila mmoja wenu akijue kitufe hicho kilipo hata akiwa amefumba macho.

Umbali wa huko ni mgumu kuuelewa mpaka uwe ndani yake. Barabara ya Stuart, kutoka Port Augusta kusini hadi Darwin kaskazini, ni kama kilomita 2,700, lami tupu. Ni sawa na kwenda Mwanza kutoka Dar es Salaam na kurudi, na bado hamjafika. Gari letu la dizeli, ambalo likiwa peke yake hula lita 10 kwa kilomita 100, likivuta lilikula 17, na siku ya upepo wa mbele lilifika 20. Tanki lake ni lita 80, kwa hiyo siku mbaya tuna kilomita 400 na hakuna ziada. Kati ya Glendambo na Coober Pedy pana kama kilomita 250 bila sheli yoyote. Tumejiwekea sheria: tanki likifika nusu tunajaza, bei iwe iwavyo. Na tunapiga simu mbele kuuliza kama wana mafuta na wanafunga saa ngapi, kwa sababu kituo kilichomo kwenye ramani huenda jioni ile kimefungwa.

Maji tunahesabu lita 10 kwa mtu mmoja kwa siku, na akiba ya siku kadhaa juu yake. Yasikae yote kwenye tangi la karavani. Jiwe moja likirushwa na tairi hupasua bomba chini, na mnakuja kugundua mmefika kambini tangi limebaki kavu. Sehemu ya maji ikae ndani ya gari, kwenye madumu. Na kama gari limekufa barabarani, msiondoke kwa miguu kutafuta msaada. Kaeni kwenye kivuli chake. Rubani anaweza kuliona gari kutoka angani. Mtu anayetembea nyikani haonekani.

Majira yachaguliwe kwanza, ndipo muombe likizo. Katikati ya nchi, Desemba hadi Februari joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku. Kule Coober Pedy watu wamechimba nyumba chini ya ardhi kwa sababu hiyo. Kaskazini mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mito hukata barabara. Mei hadi Septemba ndio wakati wenyewe. Lakini usiku wa Juni na Julai pale Alice Springs hushuka chini ya sifuri, na sisi watu wa joto hatuamini mpaka tukute ndoo imeganda asubuhi. Bebeni mablanketi ya kweli. Barabara ya vumbi ikiwekewa kibao cha kufungwa baada ya mvua, imefungwa kweli. Faini yake ni kubwa, na wakiwavuta kutoka kwenye tope gharama ni yenu.

Usiendeshe jua likizama wala alfajiri. Kangaruu, emu, ng'ombe na ngamia wa porini hutoka saa hizo, na ng'ombe mweusi juu ya lami gizani humwoni mpaka umemfikia. Sisi saa kumi jioni tumeshaegesha. Mchana wenye barabara ni malori ya treni, kichwa kimoja kikivuta matrela matatu au manne, urefu hadi mita 53.5, zaidi ya mabasi manne yakifuatana. Kulipita moja ukiwa na karavani kunahitaji kilomita ya barabara iliyonyooka na tupu. Hapo ndipo redio ya UHF, ile ya kuongea gari kwa gari, inapolipa gharama yake. Chaneli 40 ni ya madereva wa malori, wenye karavani wengi hukaa chaneli 18. Lori likija nyuma yako, mwambie dereva umemwona, shika mwendo uleule, na likishahamia upande wa pili, legeza mafuta kidogo lipite. Mara nyingi atakujibu "asante" na kukutajia ng'ombe waliopo mbele.

Matairi: spea mbili kama mnaingia barabara za vumbi, pampu ndogo, na kipimo cha upepo. Kwenye changarawe upepo hupunguzwa, na mwendo nao, mkirudi kwenye lami mnajaza tena. Yale mawimbi madogo ya udongo mgumu hulegeza kila kitu, kwa hiyo kazeni nati za magurudumu ya karavani kila asubuhi. Gesi ifungwe mtungini mnapokuwa safarini, na friji la gesi lizimwe kabla ya kuingia sheli.

Kuhusu simu, msidanganywe na ramani za matangazo. Kampuni ya simu ya Telstra ndiyo inayofika mbali zaidi, na hata hiyo hukatika saa nzima na zaidi. Kodini simu ya setilaiti au nunueni kile kidude cha dharura kinachotuma mahali mlipo kwa waokoaji. Namba ya dharura ni 000. Madaktari warukao, Royal Flying Doctor Service, wapo tangu 1928 walipoanzia Cloncurry, na kwenye barabara ya Eyre utaona lami imechorwa alama za uwanja wa ndege ili watue palepale. Bebeni dawa zenu za miezi, si wiki, na karatasi moja yenye magonjwa na vipimo vya kila mmoja. Bandeji pana za kukaza zisikosekane: akiumwa na nyoka, mnafunga mguu wote kwa kukaza, hamwoshi jeraha, na mgonjwa hatembei hata hatua. Kule kaskazini hema likae mita 50 au zaidi kutoka kwenye maji, kwa sababu ya mamba.

Chakula tulichobeba ni unga wa ugali, maharage, dagaa, mchele na viungo. Matunda na mboga msinunue nyingi kabla ya mipaka ya majimbo, kwani kuingia Australia Magharibi, au kupita mji wa Ceduna mkitokea huko, mnakaguliwa na vinatupwa. Hata asali huchukuliwa upande wa magharibi.

Na ardhi ile ina wenyewe. Barabara kadhaa, kama ile ya vumbi kutoka Laverton hadi Yulara, zinapita nchi ya Waaborijini, wenyeji wa asili, na zinahitaji kibali kinachoombwa kabla. Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu, ilirudishwa kwa wenyeji wake Waanangu tarehe 26 Oktoba 1985, na kuipanda kulifungwa tarehe hiyohiyo mwaka 2019. Ndani ya hifadhi hakuna kupiga kambi, mnalala Yulara. Pana sehemu za mwamba ambazo wenye ardhi wanaomba zisipigwe picha. Tulipofika hapo niliweka simu mfukoni, nikatembea.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka tunaizunguka karavani, yeye akianzia kushoto, mimi kulia, tunapishana nyuma yake. Taa, minyororo, madirisha ya juu, ngazi, mitungi. Tukikutana tena mbele tunabadilishana funguo: aliyeendesha jana leo anakaa na ramani.