Somo: Namna ya kupata hadithi nzuri za safari za wakati na historia mbadala mtandaoni

Naulizwa sana ninakozitoa hadithi hizi: mtu analala karne hii akaamka karne nyingine, au vita vinaisha kwa ushindi wa upande ambao darasani tulifundishwa kwamba ulishindwa. Leo naweka somo zima, na maswali yenu nimeyajibu chini. Uwe Moshi au Arusha, simu janja na bando la kawaida vinatosha. Kuna jambo moja nitakalolisisitiza mwanzo hadi mwisho: ifuate hadithi kwa swali lake, usiifuate kwa sifa inazomwagiwa.

Hatua ya 1: Chagua tukio, kisha uliza "ingekuwaje?"

Wengi huandika tu "time travel" kwenye Google, wakaletewa filamu na vitabu vilevile vinavyorudiwa kila mahali. Anza na tukio unalolijua vizuri, kwa sababu hapo mwandishi hawezi kukudanganya. Na sisi wa huku matukio tunayo tele.

Chukua mpaka wetu na Kenya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba pwani, upite Ziwa Jipe, uuzunguke Mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, ndipo uelekee Ziwa Victoria. Ile hadithi ya kwamba Malkia Victoria alimzawadia Kaiser Wilhelm mlima wetu haisimami, maana Wilhelm huyo alitawazwa mwaka 1888, miaka miwili baada ya mstari kuchorwa. Sasa jiulize: ingekuwaje kama mstari ungenyooka bila kukunja kona? Mlima ungekuwa upande wa Waingereza. Reli ya kutoka Tanga ingekuwa na sababu gani ya kufika Moshi mwaka 1911? Na vita vya 1914 vingepiganwa wapi, kama si Taveta?

Au mchukue Mangi Meli, chifu wa Kichaga. Mwaka 1892 watu wake wa Old Moshi waliwapiga Wajerumani na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga. Ingekuwaje kama wasingerudi? Mwandishi mvivu ataandika kwamba Meli alitawala kwa raha mustarehe, basi. Mwandishi makini atamkumbuka Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa na Wajerumani bega kwa bega, na atajiuliza hawa wawili wangeishi vipi baada ya Mjerumani kuondoka. Hapo ndipo penye riwaya.

Mfano ulioandikwa tayari, tena wa tukio linalojulikana msikitini na kanisani, ni hadithi fupi ya Edward Everett Hale ya mwaka 1881, "Hands Off". Yusufu ameuzwa na ndugu zake na msafara unampeleka Misri. Usiku anajaribu kutoroka, lakini kuna mbwa ambaye angebweka na kuwaamsha walinzi. Msimulizi, roho anayeyatazama mambo kutoka nje ya wakati, anamnyamazisha mbwa huyo. Yusufu anarudi kwa baba yake na kila mtu anafurahi. Njaa inapoingia, Misri haina aliyeweka nafaka ghalani, na kuanzia hapo mambo yanaharibika karne hadi karne. Mbwa mmoja tu! Ukiisoma hiyo utajua mara moja unatafuta nini kwenye nyingine zote.

Hatua ya 2: Nenda kwenye orodha

Tovuti ya Uchronia imeorodhesha maelfu ya kazi za historia mbadala, na ina ukurasa uliozipanga kwa mwaka ambao historia iliacha njia. Tukio lako unalo, mwaka unaujua, unakwenda moja kwa moja. Kwa safari za wakati tumia ISFDB, hifadhidata ya mtandaoni ya hadithi za sayansi za kubuni: inakupa kazi zote za mwandishi na mahali kila hadithi ilipochapishwa kwanza, kwa hiyo unajua jarida la kulitafuta. Iko pia tuzo ya Sidewise, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya historia mbadala, yenye kundi la kazi ndefu na kundi la kazi fupi. Anza na fupi.

Hatua ya 3: Pakua vya bure vilivyo halali

Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000, na hawakudai namba ya simu wala barua pepe. Andika "Time Machine" kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukifungua ukurasa wa kitabu utakuta mistari kadhaa ya aina za faili. Chagua EPUB (faili ya kitabu cha kusomea kwenye simu) isiyo na picha, au maandishi matupu kama simu yako ina nafasi ndogo. Faili haifiki hata MB 1, bando halitikisiki. Ukishaipakua unasoma hata mtandao ukiyumba, kwenye basi la Moshi-Arusha au popote.

Kitabu hicho cha H. G. Wells, cha mwaka 1895, ndicho ninachompa kila anayeanza, kama Kiingereza hakimsumbui. Ni kifupi, na msafiri wake anakwenda hadi mwaka 802,701, ambako binadamu wamegawanyika kuwa viumbe wa aina mbili. Cha Mark Twain cha 1889, *A Connecticut Yankee in King Arthur's Court*, kinampeleka Mmarekani wa karne ya 19 enzi za Mfalme Arthur. Anaponea kuuawa kwa sababu anajua jua litapatwa siku hiyo. Edward Bellamy, kwenye *Looking Backward* ya 1888, ana mtu anayelala Boston mwaka 1887 akaamka mwaka 2000, na kukuta uchumi wote uko mikononi mwa taifa. Bellamy ana mazungumzo marefu na wengine watachoka, ila aliyekulia Arusha akisikia habari za Azimio la 1967 atasoma kwa hamu kubwa, kwa sababu mjadala ni uleule: nani amiliki njia kuu za uchumi.

Vitabu vya enzi hiyo vinaitazama dunia kutoka Ulaya na Marekani. Kwa hiyo hatua inayofuata usiiruke.

Hatua ya 4: Majarida

Clarkesworld, Lightspeed, Strange Horizons na Uncanny huweka hadithi fupi bure. Andika jina la jarida pamoja na "time travel" au "alternate history" kwenye Google, utazipata. Omenana, lililoanza mwaka 2014, ni la waandishi wa Afrika. Kwenye Reactor, tovuti iliyokuwa ikiitwa Tor.com, mtafute P. Djèlí Clark na hadithi yake ya 2016, "A Dead Djinn in Cairo". Ni Cairo ya mwaka 1912, majini wameingia duniani, na Misri ni taifa lenye nguvu ambalo Mwingereza halitawali. Kwa msomaji wa Kiswahili, aliyezisikia habari za majini tangu utotoni, hii haihitaji maelezo mengi.

Hatua ya 5: Ipime kabla hujaipa usiku wako

Soma kurasa chache za mwanzo ukiwa na swali moja kichwani: badiliko hili linamgharimu nani?

Octavia Butler aliandika *Kindred* mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi wa California wa mwaka 1976, anavutwa ghafla hadi shamba moja la Maryland enzi za utumwa. Kila mara anavutwa kwenda kumwokoa Rufus, mtoto wa mzungu mwenye watumwa, na Rufus huyo ni babu wa ukoo wake. Akimwacha afe, yeye mwenyewe hatazaliwa. Akimwokoa, anamlea mtu atakayewatesa watu wake. Na safari ya mwisho inamkata mkono. Sikuharibii uhondo, maana habari ya mkono imo ukurasa wa kwanza kabisa. Butler hakuruhusu safari iwe ya bure, na ndiyo maana kitabu hiki hakizeeki.

Kinyume chake ni shujaa anayetua karne ya 19 na simu mfukoni. Sura ya pili ana kiwanda cha bunduki, sura ya tatu ni mfalme. Alizungumza lugha gani? Alikula nini wiki ya kwanza? Malaria haikumgusa? Nani alimwamini, na kwa sababu gani? Hadithi isiyojali maswali hayo iache bila huruma, hata kama imepewa nyota tano. Angalia pia wenyeji wa zama hizo wameandikwaje. Wakiwa wote ni wajinga wanaosubiri kufundishwa, mwandishi hakusoma historia.

Hatua ya 6: Simulizi ndefu za sura kwa sura

Tovuti ya Archive of Our Own ina hadithi nyingi za mashabiki, yaani zile ambazo wasomaji na watazamaji huandika wenyewe kwa kutumia wahusika wa vitabu na filamu wanazozipenda. Chuja kwa lebo ya safari za wakati, weka alama kwenye zilizokamilika tu, chagua idadi ya maneno, kisha pakua EPUB. Hilo la kukamilika litilie mkazo. Hata kwenye simulizi zetu za "itaendelea", uliza kama mwisho umeshaandikwa kabla hujatuma hela.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Kiboriloni: Shikamoo mwalimu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaweza kweli?

Marahaba. Utaweza, ila usianze na Wells, sentensi zake ni ndefu. Anza na hadithi fupi za Clarkesworld, kwa sababu nyingi zina sauti pia, bure. Sikiliza huku macho yakifuata maandishi. Usifungue kamusi kwa kila neno; tafuta lile tu lililojirudia mara ya tatu. Ukishazoea, nenda LibriVox, wanakosoma kwa sauti vitabu vya zamani, uchukue *The Time Machine*.

Wa Njiro: Dada, za Kiswahili hakuna kabisa?

Za aina hii hasa ni chache, na hilo linaniuma. Iliyo jirani ni *Walenisi* ya Katama Mkangi, 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa kwa chombo hadi ulimwengu mwingine na kukuta jamii iliyojipanga tofauti na ya kwao. Anayesafiri anavuka anga, si wakati, lakini swali la "ingekuwaje?" limo kila ukurasa. Itafute madukani, imechapishwa.

Wa Ngarenaro: Kuna grupu la Telegram wanatuma PDF ya *Kindred* bure. Kuna ubaya?

Upo. Kitabu hicho bado kina hakimiliki. Kinunue au kiazime. Kanuni rahisi kwa vitabu vilivyotoka Marekani: kikitimiza zaidi ya miaka 95 tangu kichapishwe, kule kwao kiko huru, na mara nyingi utakikuta Gutenberg. Zaidi ya hapo, faili za kwenye magrupu huweza kuja na virusi. Ukitumiwa "kitabu" chenye mwisho wa APK, usikifungue, hiyo ni programu.

Mzazi wa Usa River: Binti yangu yuko kidato cha pili na anapenda sana historia. Nimpe ipi?

Mpe Hale na Wells, mama, na kama ana uvumilivu mpe Twain. *Kindred* isubiri, ina mateso na ubakaji. Archive of Our Own usimwachie peke yake. Kila hadithi ina daraja la umri juu ya ukurasa, lakini mtoto anaweza kulipita kwa kubofya mara moja. Jambo linalowafaa sana wa umri wake ni kusoma hadithi, kisha kufungua kitabu cha historia na kutafuta tukio lenyewe lilivyokuwa. Kaa naye mfanye pamoja.

Wa Rau: Mimi nataka kuandika ya kwetu. Unashauri tukio gani, mbali na Mangi Meli?

Ningekuwa wewe ningeshika tarehe 5 Juni 1963. Siku hiyo Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zitaungana kuwa shirikisho kabla mwaka haujaisha. Halikutimia. Nyerere alilitaka kiasi kwamba mwaka 1960 alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi zijitawale zikiwa pamoja. Sasa wewe lifanye litimie, kisha angalia kalenda. Tarehe 12 Januari 1964 ni Mapinduzi ya Zanzibar. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi huohuo wanajeshi wanaasi Tanganyika, halafu Uganda, halafu Kenya, ndani ya siku chache. Shirikisho lako lina wiki chache tangu lizaliwe. Jeshi ni moja au matatu? Nani anatoa amri? Waingereza wanaitwa au hawaitwi?

Usianze na viongozi hao watatu. Anza na mtu mdogo ambaye mabadiliko hayo yanamfikia mezani, tuseme karani wa posta mjini Arusha, aliyeletewa mihuri mipya wiki ya Krismasi na sasa redio inasema mambo mengine. Nenda maktaba ya mkoa uulize magazeti ya miezi hiyo kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Sura ya kwanza ikiwa tayari, ilete tuisome.