Kuchora mtu wa kanzu bila ile bakigraundi nyeupe

Wenzangu wa Lamu, mkitaka mchoro wa mtu unaokaa popote, juu ya picha ya jahazi ama bango la Maulidi, tumieni Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure kabisa. Fungua faili mpya, pikseli 2000 kwa 2000 zatosha, halafu ile leya (yaani tabaka la mchoro) nyeupe ya chini izime kijicho chake, ile alama ya jicho kando ya jina lake, ukiona viraba kama ubao wa drafti ujue hapo pako wazi.

Usichore kwenye nyeupe ukasema utaifuta baadae! Mimi nilichora mzee na kanzu yake, nikafuta weupe wote kwa mpigo mmoja, kanzu nayo ikaenda, kazi ya usiku mzima jamani. Basi mistari iwe leya ya juu, rangi leya ya chini yake, na kanzu ijaze nyeupe kwelikweli usiiache tupu. Chini kabisa weka leya ya buluu ya kukagulia, matundu yote yataonekana, hasa kwapani na kwenye darizi za shingo, ziba, kisha izime.

Seivu kama faili ya PNG na utiki alfa, ndiyo inayohifadhi uwazi, JPEG haishiki uwazi. Na WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha tu bakigraundi itarudi.