Kupima sumu ya maji ya Mto Zigi kwa seli za matamvua

Tumia RTgill-W1, seli za matamvua ya samaki trauti. Matamvua ndiyo yanayokutana na maji mwanzo, na seli hizi hukua bila kaboni dioksaidi. Ukiziweka kwenye inkubeta (kabati la kukuzia seli) ya gesi hiyo, lishe yake ya L-15 itachachuka. Zinataka nyuzi 19. Kwa joto la Tanga, inkubeta lazima iweze kupoza, si kupasha tu, na jenereta iwe tayari.

Chota maji kwa chupa ya kioo, ijae pomoni, isafiri kwenye barafu. Karibu na mlango wa mto, ngoja maji yakupwe. Maji ya bahari yana takriban miliosmoli 1,000 (kipimo cha chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka) kwa kilo, seli zinataka kama 300. Ukichota yakijaa, chumvi itaziua, nawe utayasingizia bure maji machafu ya viwanda vya mkonge. Maji matamu nayo huzivimbisha hadi zipasuke, kwa hiyo yeyusha chumvi na sukari za L-15/ex, yaani L-15 iliyopunguzwa viambato, ndani ya sampuli yenyewe. Maji ya korona, yaani mtambo wa kuchakata mkonge, huwa na uchachu. Rekebisha pH ifike 7 na kidogo. Usitie seramu (majimaji ya damu), protini zake hushika sumu.

Weka seli 350,000 katika mililita 1 kwa kila kisima cha sahani ya visima 24. Baada ya saa 24 mwaga lishe, tia sampuli: asilimia 100, 50, 25, 12.5 na 6.25, visima vitatu kila kiwango. Vingine vipate L-15/ex ya maji safi, na vingine sampuli bila seli, maana rangi ya maji ya mkonge huvuruga usomaji. Sahani ya pili itiwe 3,4-dikloroanilini, sumu inayojulikana. Isipoua, seli zako zina kasoro, usiamini majibu.

Kesho yake suuza, tia alamarBlue pamoja na CFDA-AM, rangi mbili zinazong'aa ndani ya seli hai, dakika 30 gizani, kisha soma mng'ao wa kila moja kwa mashine. Toa namba ya visima visivyo na seli kwenye namba ya vyenye seli, linganisha na vya maji safi.

Namba hizo mbili zisome pamoja. CFDA-AM ikishuka, utando wa seli umetoboka; saponini za mkonge hufanya hivyo. alamarBlue ikitangulia kushuka peke yake, nishati ndiyo iliyozimwa. Hiyo ndiyo njia ya rotenoni, sumu ya utupa (mmea wa kulevyea samaki), basi uliza kama kuna waliovua kwa utupa juu ya mto.