Pikapu ya Land Rover 109: jinsi ya kujua mwaka wake na vipi kati ya vipuri vyake vilitoka nayo kiwandani

Ulizia umri wa pikapu ya 109 kwenye gereji yoyote, iwe Mwanjelwa au Mafinga, na jibu la kwanza litatoka usoni mwa gari: taa zimekaa wapi, shoo (kifuniko cha mbele ya rejeta) ni ya wavu wa chuma au ya plastiki. Jibu hilo hupotosha mara nyingi. Land Rover imeunganishwa kwa bolti karibu kila mahali, hivyo madigadi ya 1978 yanafungwa kwenye chesisi ya 1963 bila kuchomelea chochote. Kwenye barabara za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako gari linabeba viazi na mbao mwaka mzima, kipande kilichovunjika hubadilishwa na chochote kilichopatikana. Kwa hiyo usitafute mwaka mmoja wa gari zima. Tafuta kwanza mwaka wa chesisi, halafu umri wa kila kipande kikubwa peke yake, na uandike.

Beba tochi, brashi ya waya, mafuta ya taa na matambara, kipande cha chaki, sumaku ndogo, futi ya kupimia, nyundo nyepesi na simu ya kupigia picha.

Pima kwanza. Jina 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sawa na sentimeta 277 hivi. Pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, magurudumu yakiwa yamenyooka. Ukipata 272, hiyo ni 107 ya Series I, kizazi cha kwanza cha Land Rover, gari la miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya maelezo haya haiihusu. Ukipata 223 au 224, ni 88, Land Rover fupi, iliyowekewa karai (boksi la nyuma la kubebea mzigo).

Namba ya chesisi

Namba imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele kulia, pale springi ya mbele inaposhikwa. Hapo ndipo tope la barabara hutua, na ndipo fundi hugonga nyundo akitoa pini ya springi, kwa hiyo usitarajie kuiona mara moja. Paka mafuta ya taa, subiri dakika kumi, piga brashi ya waya taratibu, futa, rudia. Chuma kikishakauka, laza chaki na uisugue juu yake: unga unabaki kwenye mashimo ya tarakimu na namba inasomeka hata kama kutu imeshakula kidogo. Mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele, ili kivuli kionyeshe kina cha kila tarakimu. Usiguse mahali hapo kwa grainda hata kidogo. Grainda hufuta tarakimu zisizo na kina, na ikishapita, kila atakayekagua gari baada yako atadhani namba imechezewa, wala hutakuwa na la kumjibu.

Namba ya pili iko kwenye kibati kilichopigwa ribiti, kwa kawaida ndani ya kebini. Kibati ni rahisi kuhama kutoka gari moja kwenda jingine, kwa hiyo kisaidie tu kuthibitisha kile ulichosoma kwenye chuma. Ribiti mpya zinazong'aa kwenye kibati chakavu zinatosha kukutia shaka.

Sasa isome. Tarakimu ya kwanza inatoa kizazi. Ikianza na 1 ni Series II, iliyotengenezwa 1958 hadi 1961. Ikianza na 2 ni Series IIA, 1961 hadi 1971. Ikianza na 9 ni Series III, iliyoanza 1971 na kwisha 1985. Tarakimu tatu za mwanzo zikisomwa pamoja zinaeleza zaidi. Kwa 109 za stelingi ya kulia zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza, 252 ni IIA ya petroli, 277 ni IIA ya dizeli, 912 ni Series III ya petroli na 917 ni Series III ya dizeli. Ukikuta 253, 278, 913 au 918, gari lilisafirishwa vipandevipande na kuunganishwa katika nchi nyingine. Hilo si kasoro, ila linaeleza kwa nini vitu vidogo kama viti au nyaya vinaweza kutofautiana na vya gari lililotoka kiwandani Solihull likiwa zima. Magari ya silinda sita yana namba zake tofauti. Kuanzia mwishoni mwa 1979 mfumo ulibadilika: namba ikawa ndefu, yenye herufi, na za baadaye huanza na SALL.

Kwenye Series II tarakimu ya nne ni ya mwaka: 8 ni 1958, 9 ni 1959, 0 ni 1960, 1 ni 1961. Kwenye IIA na III mambo hayako hivyo, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Baada ya tarakimu tatu za mwanzo huja namba ya mfululizo, kisha herufi moja mwishoni. Herufi hiyo si mwaka. Inaonyesha badiliko la muundo ambalo fundi anatakiwa kulijua anapoagiza spea. Mtu akikwambia "hii ni D, kwa hiyo ni ya mwaka fulani", muulize ameipata wapi.

Linganisha namba hiyo na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Kadi ina namba ya chesisi na ya injini, na mbili hizi ndizo zitakazokusumbua baadaye zisipolingana na gari. Namba ya usajili inayoanza na T haisemi lolote kuhusu umri, maana magari ya zamani yalisajiliwa upya. Chuma kilichozunguka namba kikiwa laini na kinang'aa, tarakimu zikiwa zimepinda au zimezama kwa kina tofauti, au kukiwa na mshono wa kuchomelea unaozunguka kipande hicho, acha gari. Usishawishike na bei.

Injini

Kitu cha haraka kuliko vyote ni kulinganisha mafuta na namba. Chesisi ya 252 yenye injini ya dizeli imebadilishiwa injini, na 277 yenye plagi na kabureta vivyo hivyo. Injini ya asili ya silinda nne ya IIA na III, ya petroli na ya dizeli, ina sentimeta za ujazo 2286. Namba yake imegongwa kwenye bloki, juu, karibu na mdomo wa mbele wa manifoldi ya eksozi. Haitakiwi kufanana na namba ya chesisi, kwa hiyo tofauti hiyo isikutie hofu. Kinachotakiwa ni ifanane na kadi.

Dizeli ya Kijapani ndani ya 109 ni jambo la kawaida. Angalia mikono inayobeba injini kama imechomelewa upya, kama kuna bamba nene kati ya injini na gia boksi, na kama propela shafti ina mshono wa kukatwa na kuungwa. Bolti nazo hutoa siri: bolti yenye 8.8 kichwani ni ya milimita, na spana za 10 na 12 zikianza kukaa sawasawa kila unapogusa, uko kwenye injini ngeni. Zile za asili hufunguliwa kwa spana za inchi.

Gia boksi na difu

Gia boksi ya Series II na IIA ina sinkro, yaani kifaa kinachofanya gia iingie laini, kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya Series III ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Jaribu mahali tambarare, gari likitembea taratibu: shuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa klachi moja ya kawaida. Ikiingia laini, hiyo ni boksi ya Series III, hata kama chesisi inasema IIA. Ikikwaruza hadi ukanyage klachi mara mbili na kupandisha moto katikati, ni boksi ya zamani. Inaweza pia kuwa boksi ya Series III ambayo sinkro zake zimekwisha, kwa hiyo jaribio hili peke yake lisikufanye uamue.

Lala chini ya gari, tazama difu ya nyuma. Ya Rover ina kichwa kinachotoka kwa mbele, upande wa propela shafti. Ya Salisbury ni nzito zaidi, na ina kifuniko cha duara kwa nyuma chenye bolti kumi. Salisbury ndiyo iliyokuja kuwa ya kawaida kwenye 109 za Series III. Ukiikuta chini ya IIA, uwezekano mkubwa ni kwamba ilihamishwa, na kwa gari la kubebea mzigo mlima wa Uporoto hilo si jambo baya.

Uso, dashibodi na bodi

Sasa uso unaweza kusaidia, kwa kuwa tayari unajua chesisi. Taa za mbele zilikaa ndani, pembeni mwa shoo, hadi 1968 na 1969 zilipohamia kwenye madigadi. Shoo ya wavu wa chuma ni ya II na IIA, ya plastiki ni ya III. Mita zikiwa katikati ya dashibodi ni II au IIA. Zikiwa mbele ya dereva ni III. Ukuta wa mbele wa kebini ukibadilishwa, mita hubadilika nao, na hapo ndipo utakuta gari la 252 lenye dashibodi ya 1975.

Bodi ni ya alumini. Pitisha sumaku kwenye mlango, madigadi na mbavu za karai: haitakiwi kushika. Pale inaposhika, kipande ni cha bati lililotengenezwa mtaani, au kuna kiraka. Itashika, kama inavyopaswa, kwenye ukuta wa mbele wa kebini, fremu za milango, kingo za juu za karai na kwenye chesisi. Karai la asili lina sakafu ya alumini yenye mifereji na vishikio vya kamba pembeni. Mbao au chuma cha vipele juu yake si vya kiwandani.

Gonga chesisi kwa nyundo, hasa boriti ya nyuma kabisa na mikono inayoshika bodi. Chuma kizima hulia. Kilichooza au kilichobandikwa bati juu ya bati hutoa sauti nzito, kama kugonga debe lililojaa mchanga. Magari yaliyofanya kazi Tukuyu na Rungwe huoza zaidi hapa kwa sababu ya mvua, hata kama bodi inapendeza.

Kwenye dinamo, stata na distribyuta za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari, tafuta tarakimu zilizogongwa kwenye chuma cha nje. Mbili za mwisho ni mwaka: 41 66 ni wiki ya 41 ya 1966. Tarehe hiyo ikitangulia chesisi kwa miezi michache, una kipuri kilichotoka na gari. Usikitupe hata kama kimekufa. Kisukwe upya, maana kingine chenye tarehe inayolingana hutakipata kirahisi.

Rangi iache mwisho. Chagua mahali pasipopakwa mara nyingi, kwa mfano chini ya kifuniko cha boksi la kiti. Lowesha msasa laini na usugue duara la ukubwa wa sarafu kwa mkono, polepole, ukisimama kila rangi inapobadilika. Tabaka zitajitokeza kama pete, moja ndani ya nyingine: labda nyeupe ya juzi, bluu chini yake, kisha kijani kizito au kijivu, halafu alumini. Ile inayogusana na alumini au na rangi yake ya chini ndiyo ya kiwandani. Sugua pia chini ya dashibodi na ndani ya mlango. Pete za mlango zikiwa tofauti na za boksi la kiti, mlango huo ulitoka kwenye gari jingine, nawe uuandike hivyo.