Kuni za Novemba hupasuliwa Mei

Huku Njombe mvua zikishaanza Novemba, zinatuachia kwenye Aprili au Mei. Ukisubiri Januari ndipo uulizie kuni, utauziwa mbichi kwa bei ya kavu, na muuzaji atakuapia kwa mama yake kwamba zimekaa miezi. Mimi napika maharage na makande ya kuuza, masufuria makubwa, na maharage hayataki mzaha: yanataka moto uleule saa mbili, tatu. Kwa hiyo kuni za kipindi cha mvua nazinunua Mei zikiwa mbichi kabisa, nalipa bei ya mbichi, nazikausha mwenyewe.

Mti wangu ni miwati. Inapasuka bila ugomvi, ni mizito, na makaa yake yanadumu. Huku ipo kwa wingi kwa sababu ya magome, ambayo viwandani hutolewa dawa ya kutengenezea ngozi. Ukipata magogo yaliyokwisha kumenywa, chukua hayo kwanza, maana gome huzuia maji ya ndani yasitoke. Milingoti nayo inafaa, ila ipasue siku zilezile ilipokatwa. Ikikaukia kwenye gogo, nyuzi zake zilizojisokota zitang'ang'ania shoka lako, uishie kutafuta kabari na nyundo. Paini nachukua kidogo, ya kuwashia tu. Utomvu wake unashika moto upesi, lakini utasugua masizi yake mpaka uchoke.

Pasua kwanza, panga baadaye. Naona watu wanarundika magogo mazima nyuma ya nyumba wakisema yanakauka. Hayakauki. Maji hutoka kwenye ncha zilizokatwa na upande uliopasuliwa, kwa hiyo gogo nene lenye gome linaweza kumaliza kiangazi chote na katikati bado ni bichi. Kata vipande vya sentimita 40 hadi 50, au kadiri jiko lako linavyomeza, kisha upasue hadi unene wa kifundo cha mkono. Bakiza vinene vichache vya kutunzia moto chungu kikishachemka. Gogo linalopasuliwa likae juu ya gogo jingine, ili shoka likipita lisikute mawe. Gogo kubwa usilipige katikati. Anza kulimega pembeni, ukizunguka. Lenye kinundu kikubwa liweke kando, litafaa kwa makande ya usiku.

Mahali pa kupanga, kila mtu atakwambia juani. Jua sikatai, lakini Juni na Julai huku ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, na baridi ndiyo hiyo. Upepo ndio unaofanya kazi. Tafuta pale nguo zako zinapokaukia haraka, upange kuni hapo, ncha zikitazama upepo unakotoka. Septemba na Oktoba, joto likirudi, ndipo utaona uzito unashuka kwelikweli.

Chini tandika mistari miwili ya matofali, na juu yake mabanzi ya mbao, kuni ziinuke kama shubiri moja kutoka ardhini. Zikigusa udongo, mchwa watakula kabla yako. Kwenye kila mwisho wa safu jenga nguzo kwa kupishanisha: vipande viwili hivi, viwili vile, mpaka usawa wa kifua. Usipande zaidi ya hapo kama una watoto au mbuzi. Katikati laza kuni kwa urefu wake, safu ya kipande kimoja tu kwa upana, na usizibane kwa ustadi wa fundi mwashi, vijinafasi vinatakiwa. Kati ya safu na safu upite mkono, na vivyo hivyo kati ya kuni na ukuta wa nyumba.

Funika juu peke yake. Bati kuukuu lililozidi kidogo pande zote, na mawe ya kulishikilia, basi. Turubai lililoshushwa mpaka chini linafungia mvuke ndani, na baada ya wiki chache utakuta ukungu mweupe na harufu ya uvundo.

Zimekauka lini? Kuni iliyokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto lazima uyachemshe hayo kabla haujakufikishia joto kwenye sufuria. Moshi unaokutoa machozi unaanzia hapo. Unataka maji yawe chini ya asilimia 20. Mimi nachagua kipande kimoja cha katikati ya safu, nakichora alama kwa mkaa, nakipeleka kwenye mizani ya duka la jirani kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, nimemaliza. Huna mizani? Gonganisha viwili: kavu vinalia, vibichi vinatoa mlio butu. Tazama ncha kama zina nyufa zinazotoka katikati. Kisha pasua kimoja na uguse upande wa ndani kwa shavu. Ukisikia ubaridi, kirudishe.

Wapo wanaokaushia juu ya uchanja wa jikoni. Kwa kuni za kesho ni sawa, maadamu uchanja uko juu vya kutosha cheche zisiufikie na huuachi moto bila mtu. Kwa mzigo wa Canter, hapana.

Mwishoni mwa Oktoba hamishia bandani zile za mwezi wa kwanza wa mvua. Kabla ya kutoa kuni gonga safu kwa fimbo na usitumbukize mkono usipoona. Nyoka na nge wanapenda sana mahali hapo. Na mzigo mpya ukija, usiumwage juu ya kavu hata kama umechoka. Uanzishie safu yake.